Mrejesho: likizo ya siku 28 nyumbani

Wadau, mimi ndiye niliyeuliza mwezi uliopita: nina likizo ya siku 28, nauli ya kwenda kijijini sina, nifanye nini nyumbani nisichoke kutazama kuta? Wengi mlisema pika, panda, lala. Nimefanya vyote, kulala zaidi.

Vitumbua ndivyo vilivyonitoa jasho. Mchele niliulowesha usiku kucha, asubuhi nikausaga na tui zito, hamira na iliki, nikauacha uumuke. Awamu ya kwanza viliganda vyote kwenye chuma, nikavikwangua kwa kijiko kama ukoko. Mama mkwe akacheka kwenye simu: "Chuma kipya hicho, mwanangu? Kichome kwanza na mafuta, kipoe, urudie." Nikarudia mara tatu. Vilivyofuata vikatoka vyenyewe, kingo kavu, katikati laini. Tulivila na chai ya rangi kibarazani saa kumi na moja jioni, saa ambayo kwa kawaida nagombania daladala. Mwanangu mdogo akaniuliza kama nimefukuzwa kazi!

Mchicha nilipanda kwenye kiroba. Kuku wa jirani wakaumaliza, yakabaki mashina matano. Tumeyachuma juzi, mboga ya mtu mmoja. Na dada uliyenishauri kufuma vitambaa, nisamehe, sindano imenishinda.

Narudi kazini Jumatatu. Chuma nimekitundika ukutani, na mchele wa Jumamosi nimeshautenga.