Kufunga faili la krediti au kuweka tahadhari? (kwa tulio Marekani)

Mama Salma, Columbus: Habari zenu. Masanduku ya barua ya jengo letu yamevunjwa. Langu lilikuwa na barua ya benki na zile ofa za kadi za mkopo. Naogopa mtu asije akakopa kwa jina langu. Nifunge faili la krediti (rekodi ya mikopo yangu), niweke tahadhari humo, au nilipie kampuni ya kulifuatilia?

Mwalimu wa Houston: Pole sana dada. Funga. Mkopeshaji mpya asipoweza kusoma faili lako, hatoi kadi. Tangu Septemba 2018 ni bure nchi nzima. Ila uombe mwenyewe kwa watunza rekodi za mikopo watatu, Equifax, Experian na TransUnion, kila mmoja kivyake.

Kijana wa Minneapolis: Shikamoo mama. Mimi nimeweka tahadhari kwa sababu natafuta gari. Unaiweka kwa mmoja, yeye anawaarifu wenzake wawili. Inadumu mwaka, na pia ni bure.

Mwalimu wa Houston: Mdogo wangu, tahadhari haizuii. Inamtaka mkopeshaji ahakikishe kwanza kwamba ni wewe, na wako wanaohakikisha juu juu tu. Faili lililofungwa, ukiomba mtandaoni au kwa simu, hufunguliwa ndani ya saa moja. Gari utapata.

Nesi wa Dallas: Kampuni za kulipia hukuambia mambo yakishatokea, sitoi hela yangu. Dada, jiandikishe Informed Delivery ya USPS (posta ya Marekani), bure: unaletewa kwa barua pepe picha za bahasha zinazokuja, isiyofika unaijua. Wahi, kabla mwizi hajajiandikisha kwa anwani yako. Ofa zikomeshe kwenye optoutprescreen.com. Na hundi msiziache kwenye sanduku la nyumbani jamani! Wanafuta wino na kuandika jina lao.

Baba Wawili: Kufunga hakulindi akaunti ulizo nazo tayari, hizo zikague mwenyewe. Wala hakuzuii mtu kudai marejesho ya kodi yako, kwa hilo omba IRS (mamlaka ya kodi) ile IP PIN, namba ya siri ya tarakimu sita. Wafungie na watoto walio chini ya miaka 16. Faili la mtoto halina anayelitazama mpaka aje kuomba mkopo wa chuo.

Mama Salma, Columbus: Asanteni sana. Equifax na Experian tayari, TransUnion naendelea nao. Kwa watoto wanataka nini?

Baba Wawili: Cheti cha kuzaliwa, namba ya Social Security ya mtoto na kitambulisho chako. Ni nakala za kutuma kwa posta, kwa hiyo kazikabidhi dirishani.