Panzi wamefia juu ya nyasi, niwasage ninyunyizie?

Mkamuaji_Dom: Wakubwa shikamooni. Nina ekari sita za malisho, panzi wametafuna hadi vikonyo. Mvua imenyesha siku tatu, leo asubuhi nakuta wengi wamekufa wamekumbatia ncha za nyasi, vichwa juu. Jirani anasema ni fangasi. Nataka niwaokote, niwasage, nichanganye na maji nipulizie upande wa pili. Itafaa? Dawa za dukani naziogopa, nina ng'ombe wa kukamua.

Chekanao: Mkuu, blenda ya shemeji usiiguse 😂

Bwanashamba_Mstaafu: Marahaba. Usisage. Panzi anayepanda kileleni kufa ana kuvu iitwayo Entomofaga. Ikimuua inarusha vijimbegu kutoka huko juu viwaangukie wenzake. Inataka unyevu, jua likikaza, vijimbegu hivyo havidumu. Hata maabara zinashindwa kuizalisha kwa wingi, sembuse kinu chako. Waache walipo, wafanye kazi.

Inayotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa ni nyingine, Metarizamu. Mwaka 2009 ilipigwa hapa kwetu Tanzania dhidi ya nzige wekundu, kwenye maeneo ya Iku-Katavi, Rukwa na Malagarasi. Vijimbegu vyake huchanganywa na mafuta. Vikimnata panzi vinaota, vinatoboa ngozi, vinamla kwa ndani. Hailengi ng'ombe wala nyuki, ila haiui siku hiyo hiyo. Hesabu wiki moja hadi tatu.

Mkamuaji_Dom: Wiki tatu mzee! Si nitabaki na vumbi?

Bwanashamba_Mstaafu: Ndiyo maana hupigwa mapema, wakiwa tunutu, hawajaota mabawa. Mgonjwa naye hupunguza kula siku kadhaa kabla ya kufa. Kinachochelewesha ni ujanja wao: panzi akiugua huota jua makusudi, mwili upate joto kali, kuvu idumae. Wewe uliyekwisha kuliwa hadi vikonyo, msimu huu umechelewa. Msimu ujao wakianza kuanguliwa, mwone afisa ugani akutafutie iliyosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Na usiihifadhi kwenye stoo ya bati, ni kiumbe hai, joto litaiua kabla ya panzi.

Mama_Mizinga: Ongezea: usichanganye na dawa ya ukungu ya nyanya kwenye bomba moja. Nimeshuhudia mtu akifanya hivyo, kisha analalamika kauziwa feki.

Mkamuaji_Dom: Nimeelewa. Nimerudi shambani kuwahesabu waliokufa, kuku wa jirani wameshamaliza nusu.

Bwanashamba_Mstaafu: Mwambie awafungie mpaka keshokutwa.