Mafundi mnaoziba kosa la heda kwa ob_start, mnatuumiza!

Wakuu, niko Moshi hapa, saa nane usiku sijalala na nina hasira kwelikweli.

Kuna mzee ana nyumba ya wageni huku Rau, wateja wake wengi wazungu wa kupanda mlima. Fundi wake alimtengenezea mfumo wa bukingi kwa PHP (lugha ya programu inayoendeshwa kwenye seva), juzi wamehamia seva mpya, basi kila akilogini haingii, juu ya ukurasa kuna onyo kwamba heda (yale maelezo seva inayomtumia brauza kabla ya ukurasa wenyewe) zimeshatumwa. Nikaitwa mimi.

Nikampigia yule fundi kiungwana tu, ananijibu "weka ob_start juu kabisa itakaa sawa", ile amri ya PHP inayoshikilia kwanza kinachotolewa kisitumwe. Yaani hataki hata kujua kosa liko wapi! Na onyo lenyewe linataja faili na mstari, config.php mstari wa 1. Nafungua, sioni kitu. Kuangalia baiti moja moja nakuta EF BB BF kabla ya <?php, ile BOM, alama isiyoonekana mwanzoni mwa faili, ambayo Notepad ya Windows za zamani inaipachika ukisevu UTF-8. Baiti 3 tu! Heda zinatakiwa zitangulie, ukishatoa chochote, hata nafasi au mstari mtupu baada ya ?> ya mwisho (inayofunga kodi ya PHP), zimeondoka hizo na hazirudi. Seva ya zamani output_buffering, mpangilio wa kushikilia kinachotolewa kabla ya kukituma, ilikuwa baiti 4096 ndo maana ikawa inafunika kosa, huku mpya imezimwa.

Sasa kilichonichoma roho ni hiki. Nimefungua ukurasa wa admini bila kulogini, nikaona orodha nzima ya wageni, majina, namba za pasipoti, tarehe za kufika!! Kwa sababu jamaa kaandika header('Location: login.php'), yaani mpeleke kwenye ukurasa wa kulogini, halafu basi, hakuna exit ya kusimamisha skripti. header() haisimamishi skripti jamani, inaendelea mpaka chini. Heda ikigoma, kila kitu kinamwagika kwenye skrini. Na hata ilipokuwa inafanya kazi data zilikuwa zinatoka vilevile, brauza tu ndo ilikuwa haizionyeshi, mwenye curl (programu ya kuvuta kurasa bila brauza) angezisoma zote. Miaka 2 hiyo!

Ningeweka hiyo ob_start yake nisingejua kamwe.

Nimesevu upya bila BOM, nimefuta ?> za mwisho, sasa hivi naweka exit faili moja moja, zimebaki 9. Asubuhi nakwenda Rau kumweleza mzee, na sijui naanzia wapi maana yule fundi alimlipa hela yote na kazi akaiamini.