Nywele hazichaniki kabisa: dawa, bloo au rasta? Harusi tarehe 20

MamaG_Uyole
Habari za leo wanajamvi. Naomba ushauri wa haraka maana nimechoka. Nywele ni zile ngumu zinazosokotana, ukiosha tu zinajikunja zinakuwa kama ile waya ya kusugulia sufuria, mwezi huu chanuo la pili limevunjika meno. Tarehe 20 tuna harusi ya mdogo wangu Iringa na lazima kichwa kieleweke. Nina njia tatu: kuweka dawa ya kunyoosha, kuna saluni hapa Mwanjelwa wameniambia elfu 15, au ninunue draya nipige bloo nyumbani nimeona ya mtumba elfu 45 bado inafanya kazi, au rasta tu basi. Ipi ni bora?

Chogo_la_Kyela
Mama umetupa habari nusu. Nywele zimeshawahi kuwekwa dawa au bado? Zina urefu gani? Ulifumua lini mara ya mwisho, na unaziosha kwa nini, shampuu au sabuni ya kipande? Bila hayo utapewa majibu ya watu kumi kuhusu vichwa vyao wenyewe.

Mkinga_wa_Makete
Nyoa. Nywele zinaota kama sentimita moja kwa mwezi, mwakani saa hizi unazo tena. Elfu 45 nunua mbolea.

Chogo_la_Kyela
@Mkinga_wa_Makete harusi ni tarehe 20 kaka sio mwakani 😂

Saluni_Mafinga
Mi ni msusi, mwaka wa 11 huu. Bloo. Ila sio kama wengi wanavyofanya, mtu katoka kuosha nywele zinachuruzika anawasha draya moto wa mwisho, hapo unachemsha nywele. Kausha kwanza na taulo bila kusugua, au ile tisheti ya pamba iliyochakaa ni nzuri kuliko taulo, paka livin (kondishena ya kuacha kichwani bila kusuuza), gawa mafungu manne, ndo upige moto wa kati. Na kuchana kunaanza NCHANI unapanda kwenda kwenye shina. Wengi wanaanza kwenye shina wanashusha, lile fundo linasukumwa chini linakaza, afu wanasema nywele ngumu. Nywele sio ngumu mwaya, mkono ndo mgumu. Na kavukavu usichane, ziwe na maji na kondishena.

bibi_wa_uzi
Mmesahau uzi. Sie wa Tukuyu tulikuwa tunasukwa mabutu ya uzi Ijumaa jioni, Jumapili asubuhi ukifumua nywele zimenyooka kama zimepigwa pasi, bila moto bila dawa bila Luku kuisha katikati. Uzi mweusi bei ya kawaida tu. Wasichana wa siku hizi wanauona ushamba.

Kamwene_tu
Kwenye uzi wa nywele asikose mtu wa nywele za uzi. Naweka kambi hapa.

kisogo_na_alama
Dada dawa uifikirie mara mbili, ngoja nikupe yangu. Nilikuwa nimemaliza form six nasubiri matokeo, nywele ndo zimeanza kushika, nikaenda saluni moja sitaitaja. Asubuhi ileile nilikuwa nimetoka kufumua rasta za mwezi mzima na nilijikuna kweli, si mnajua ule utamu wa kukuna ukishafumua. Msusi hakuniuliza kitu. Hakupaka hata mafuta ya mgando pembeni kwenye paji na masikio, akapaka dawa kichwa kizima, simu yake ikaita akatoka nje. Dakika chache ikaanza kuwasha kama pilipili kichaa. Namwambia binti anayejifunza pale, dada inaniunguza, ananiambia vumilia ikiwasha ndo inaiva. Machozi yananitoka nikasema hapana nioshe. Akafungua bomba, bomba likakohoa mara mbili likanyamaza. Maji yamekatika! Mwezi wa saba Mbeya mnaijua ile baridi, binti akakimbia kwa muuza chipsi jirani akarudi na nusu ndoo ya maji aliyooshea viazi, na ile shampuu ya kuua dawa imeisha, nikaoshwa na kipande cha sabuni ya kufulia. Nywele zilibaki kwenye taulo. Asubuhi foronya imegandana na kichwa, mama alinibandua taratibu na maji ya uvuguvugu. Sasaivi ni miaka tisa, hapa juu ya sikio la kushoto pana uwazi wa saizi ya sarafu ya mia mbili, hapaoti kitu.
Sisemi dawa yote mbaya, nasema uliza maji yapo kwanza, na usiwahi kuweka siku umejikuna.

Saluni_Mafinga
Pole sana. Huyo aliharibu kila hatua. Kichwa chenye mchubuko hakiwekwi dawa hata kwa bunduki, mteja arudi baada ya wiki.

mafuta_halisi
Nyote mnazunguka. Tatizo la nywele za huku nyanda za juu ni ukavu wa kipupwe. Paka mafuta ya nazi kila siku utanishukuru. Ila angalieni mnaponunua, mi chupa yangu nimeitoa Dar ikiwa maji kabisa, nimefika nayo Mbeya kesho yake imekuwa nyeupe, ngumu kama mshumaa. Wamechanganya na mafuta ya kupikia hawa.

Chogo_la_Kyela
@mafuta_halisi hajachanganya mtu. Mafuta ya nazi yanaganda yenyewe yakishuka chini ya digrii 24 hivi. Dar hayagandi kwa sababu ya joto. Mbeya hii ya mwezi wa sita hata mwenyewe unaganda.

mafuta_halisi
Mbona ya alizeti hayagandi kwenye baridi hiyohiyo?

Chogo_la_Kyela
Kwa sababu ni ya alizeti.

mafuta_halisi
Hujajibu swali mkuu.

parachichi_Rungwe
Jamani na mafuta yenyewe hayaongezi maji kwenye nywele, yanafunga tu maji yaliyopo. Ukipaka kwenye nywele kavu umefungia ukavu. Lowesha kwanza. Mimi natumia parachichi, Rungwe hapa yanaoza chini ya miti. Ila saga kwenye blenda MPAKA iwe uji, kuna siku niliponda na uma nikapaka, nikasuuza nikaona safi, nimepanda kosta ya Mbeya mama wa siti ya nyuma ananiambia binti una kitu kijani kichwani, kumbe vipande vimekauka vimeshika. Nimetoka Tukuyu mpaka Kabwe nachomoa kachumbari kichwani.

Kamwene_tu
Na wale wa maji ya mchele wako wapi, mchele wa Kyela uoshe kichwa kabla haujaliwa

bibi_wa_uzi
Mchele wa Kyela unaliwa, usituletee uchuro.

MamaG_Uyole
Asanteni wote nimesoma. @Chogo_la_Kyela samahani sikueleza vizuri. Hazijawahi kuwekwa dawa, zinafika mabegani ukizivuta, zinaoshwa kila Jumapili na sabuni ya kipande. Halafu sio zangu, ni za binti yangu ana miaka 8, ndo atashika maua. Kila nikimchana analia majirani wanafikiri nampiga.

kisogo_na_alama
MIAKA NANE?? Na tumeandika kurasa mbili! Mama dawa usithubutu.

Saluni_Mafinga
Hii ndo ilitakiwa iwe mstari wa kwanza. Mimi siweki dawa mtoto wa namna hiyo, hata akija na mama yake na hela mkononi. Hizo boksi zenye picha ya mtoto anacheka zisikudanganye, zina kazi ileile ya kuvunja nywele ndani ili zinyooke. Na rasta nzito pia hapana, zile za kuvuta mpaka macho yanakuwa ya Kichina, paji la uso linarudi nyuma.

Ndaga_fijo
Na kuna utafiti wa Marekani ulitoka Oktoba 2022, walifuatilia wanawake zaidi ya 33,000, wale waliotumia dawa za kunyoosha zaidi ya mara nne kwa mwaka saratani ya mji wa mimba ilionekana kwao zaidi ya mara mbili ya wasiotumia.

Mama_wawili_Nzovwe
Hao ni watu wazima wa Marekani, na kuonekana pamoja sio kwamba dawa ndo imeleta. Mi nimewekewa nikiwa na miaka 10 na nina watoto wawili, niko mzima. Tusimtishe mwenzetu.

Ndaga_fijo
Sijamtisha nimesema kilichoandikwa. Kwa mtoto wa miaka 8 mi siwezi kubahatisha.

Mkinga_wa_Makete
Narudia, nyoa. Shule zenyewe nyingi zinataka wanyolewe. Analia kwa nini mtoto wa watu.

Mama_wawili_Nzovwe
Mshika maua kipara? Picha za harusi zinakaa miaka 50 baba.

bibi_wa_uzi
MamaG mdogo wangu sikia. Acha ile sabuni ya kipande kwanza, ndo inayokausha. Paka kondishena nyingi, chana kwa vidole kwanza, toa mafundo polepole huku ameshika kitu cha kula, mwanangu nilikuwa nampa muhindi wa kuchoma anatafuna mpaka tunamaliza. Msuke mabutu ya uzi siku mbili kabla, usikaze. Tarehe 20 fumua bana juu weka maua.

MamaG_Uyole
Ahsante mama. Lakini Iringa tunaenda na basi tarehe 19, uzi atasafiri nao? Na draya niinunue au niache, muuzaji anasema ana mteja mwingine.

Saluni_Mafinga
Wauzaji wote wana mteja mwingine. Niibox, harusi Iringa mjini au wapi? Mi naweza kupanda.

bibi_wa_uzi
Asafiri nao amefungwa kitambaa laini. Na bloo kwa mtoto ya nini?

Saluni_Mafinga
Moto mdogo hauna shida bibi.

MamaG_Uyole
Jana nimejaribu. Kondishena, vidole, muhindi. Upande wa kulia mabutu manne bila kilio hata kimoja nikajiona fundi. Upande wa kushoto muhindi uliisha.

Kamwene_tu
😂😂😂 kwaiyo mtoto kaenda shule nusu?

mafuta_halisi
Nimeweka ile chupa juani tangu asubuhi imeyeyuka imekuwa maji. Bado sijakubali.