Naomba ushauri: wanafunzi wapya 30 kwenye seva ya idara ya fizikia

Wakuu, idara ina seva moja ya Linux yenye diski ya TB 2, na akaunti zinatakiwa wiki hii. Kuingia tutatumia ufunguo wa SSH (njia salama ya kuingia kwenye seva kwa mbali) wa aina ya ed25519. Faili la ufunguo wa siri likiwa na ruhusa 644 (wengine wanaweza kulisoma) SSH hulikataa. Amri ya chmod 600 (mwenyewe tu asome na kuandika) inatosha, hilo dogo.

Kinachoniumiza kichwa ni diski. Bila kikomo cha nafasi kwa kila mtumiaji, mmoja akijaza /home (sehemu ya mafaili ya watumiaji) kwa matokeo ya ukokotoaji, kazi za wote hukwama, na wengine hushindwa hata kufungua dawati la picha. Kikomo cha onyo, chenye siku 7 za kupunguza mafaili, na kile cha mwisho kisichopitika niweke GB ngapi? Na Slurm (programu ya kupanga foleni ya kazi za ukokotoaji) inafaa kwa mashine moja tu?