Gredi ya 7 hawawezi kusoma aya fupi: nianzie wapi?

mwalimu_wa_pwani
Habari zenu walimu. Naomba ushauri. Nafundisha sekondari msingi (Gredi ya 7 hadi 9) Kilifi, Kenya. Gredi ya 7 ina wanafunzi 46, na karibu nusu wanakwama kwenye aya fupi ya Kiswahili. Kiingereza ndio kabisa. Hawa ndio waliokuwa Gredi ya 1 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona Machi 2020. Nimepewa dakika 40 kila alasiri, siku nne kwa wiki, muhula mzima. Vitabu vya ziada hakuna. Wenzangu wanasema nirudie mada za Gredi ya 6. Ni sawa?

silabi_kwanza
Mwalimu, mada za Gredi ya 6 ziache kwanza. Tazama kalenda ya watoto hawa: walikaa nyumbani zaidi ya miezi tisa, wakarudi 4 Januari 2021 kumalizia Gredi ya 1, halafu Gredi ya 2 na ya 3 zikakimbizwa kati ya Julai 2021 na Novemba 2022 ili kalenda irudi sawa. Miaka ya kujifunza kuunganisha silabi ndiyo iliyobanwa. Ukirudia Gredi ya 6 utawafaidi wale wanaosoma tayari.

Anza kwa kupima, mtoto mmoja mmoja, faraghani. Andaa karatasi moja yenye herufi na silabi, maneno mepesi, aya ya sentensi nne, na hadithi fupi. Mpe aya kwanza. Akiisoma kwa mtiririko bila kukosea zaidi ya mara tatu, mpandishe kwenye hadithi. Akishindwa, mshushe kwenye maneno matano; akipata manne, hapo ndipo alipo. Asipopata, silabi. Dakika tano kwa kila mmoja, kwa hiyo 46 ni kama saa nne. Zigawe alasiri kadhaa.

Kisha panga makundi kwa kiwango walichofikia, si kwa alama za mtihani. Kipindi cha dakika 40 kinaweza kwenda hivi: 10 za silabi, 15 za kusoma matini ya maneno 40 hadi 60, 10 za kuandika sentensi zao wenyewe, 5 za kusomeana wawili wawili. Nakala moja kwa watoto wawili inatosha, kidole kikifuata neno.

Jihadhari na kuimba "ba be bi bo bu". Watoto wanaijua kama wimbo na hawaitambui "bo" ikikaa peke yake. Kata kadi za silabi kwenye maboksi ya katoni, zichanganye, waunde maneno. Penye ugumu hasa ni mw, kw, vy, nd, ng na ng', na m inayosimama kama silabi: m-tu, m-bu. Na mtoto akikariri matini, mwambie aanze sentensi ya mwisho akipanda juu. Utajua mara moja kama anasoma kweli.

mzazi_mfuatiliaji
Si afadhali warudie darasa tu?

silabi_kwanza
Hapana. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 haikubali mtoto azuiwe kupanda darasa, na hata akirudia atakutana na mada zile zile asizoweza kuzisoma. Sheria hiyo hiyo inakataza masomo ya ziada wakati wa likizo, kwa hiyo alasiri za muhula zitumie vizuri.

Hesabu254
Usisahau hesabu, hata kama ni siku moja kati ya zile nne. Wape 52 − 27. Wengi wataandika 35, kwa sababu wanatoa tarakimu ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu. Kuwaambia "kopa" hakusaidii ikiwa hawajui 52 ni makumi matano na mbili. Tumia vijiti: kila kumi lifungwe kwa mpira wa bendi. Afungue fungu moja kwa mikono yake, apate makumi manne na vijiti 12, ndipo atoe 27. Akiweza mara kadhaa bila kusaidiwa, ahamie kwenye daftari.

mwalimu_wa_pwani
Asanteni sana. Na Kiingereza? Sayansi yote iko kwa Kiingereza. Pia wana miaka 12, wanaona aibu kushika kitabu cha Gredi ya 1.

ChakiNyeupe
Aibu hiyo ni kweli na ndiyo inayowafanya watoroke alasiri. Usiwape kitabu cha Gredi ya 1. Andika matini za umri wao: ujumbe wa M-Pesa, nauli ya matatu, matokeo ya mechi. Makundi yape majina ya kawaida, lisiwepo la "wadhaifu".

Kiingereza kije mtoto akishasoma aya ya Kiswahili. Kabla ya hapo atasoma "made" kama "ma-de", maana anatumia vokali za Kiswahili. Fundisha e ya mwisho isiyotamkwa kwa jozi: mad/made, hop/hope. Wakati huohuo mwombe mwalimu wa Sayansi akupe maneno kumi ya wiki ijayo, uyabandike ukutani yakiwa na picha.

Pima upya kila baada ya wiki nne kwa karatasi yenye matini tofauti, na aliyepanda ahame kundi siku hiyo hiyo. Asiyesogea kabisa, mpime macho na masikio kabla ya kubadilisha mbinu.