Tupeane uzoefu: siku uliyotambua kwamba kifaa chako kinamtii mtu mwingine

Mwanzisha mada

Ndugu zangu, naomba tusimuliane jambo moja tu: tukio lililokufanya uanze kujali ni nani hasa anayekiamuru kifaa ulichokilipia. Wengi wetu tunajua kwamba faragha ni muhimu na bado tunabofya "nakubali" bila kusoma, kwa hiyo nadharia tuiweke kando na kila mmoja alete kisa kilichomfika.

Naanza na changu. Nilikuwa nimenunua vitabu vingi vya kielektroniki katika duka moja kubwa la mtandaoni, kisha akaunti yangu ikafungwa kimakosa. Kwa majuma matatu sikuweza kufungua hata kitabu kimoja. Akaunti ilirudishwa na nikaombwa radhi, lakini katika kipindi hicho ndipo nilipoyasoma masharti na kukuta kwamba sikuwahi kununua kitabu chochote humo. Nilichonunua ni ruhusa ya kukisoma, na aliyeitoa anaweza kuiondoa.

Baadaye nilifahamu kwamba wengine walitangulia kupatwa na hayo. Mwaka 2009 Amazon ilifuta nakala za riwaya mbili za George Orwell kutoka kwenye vifaa vya kusomea vitabu vya Kindle vya wateja waliokwisha kuzilipia, kwa sababu aliyeziuza hakuwa na haki nazo. Fedha zilirudishwa na mkuu wa kampuni akaomba radhi hadharani. Mwaka 2019, Microsoft ilipofunga duka lake la vitabu, vitabu vilivyonunuliwa humo viliacha kufunguka, nako pia wateja walirudishiwa fedha. Ni haki mtu kurudishiwa fedha zake, lakini mimi huandika maelezo kando ya kila ukurasa ninaoupenda, na sioni ni fedha gani ingeyafidia.

Tangu hapo hununua kwa wachapishaji na maduka madogo yanayouza faili za EPUB, yaani mpangilio wa vitabu vya kielektroniki unaosomeka katika programu nyingi, zisizo na kufuli la kidijitali, nami huhifadhi nakala mbili katika sehemu tofauti. Uchaguzi ni finyu zaidi, hilo nalikiri.

Mchangiaji wa kwanza

Kisa changu kinafanana na chako, ila kilichofungiwa ni kazi ya mikono yangu mwenyewe. Tasnifu yangu niliiandika kwa programu ambayo kampuni yake iliacha kuishughulikia, na miaka kumi baadaye, nilipotaka kutoa sura moja iwe makala, hakuna kompyuta niliyokuwa nayo iliyoweza kuifungua. LibreOffice, programu ya ofisi iliyo huria, yaani ambayo msimbo wake (maagizo yanayoiendesha) uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadilisha, ndiyo iliyoniokoa, kwa sababu watu waliojitolea walikuwa wamechunguza mpangilio wa faili zile za kale na kuandika njia ya kuzisoma. Majedwali yalivurugika na tanbihi zikahama, lakini maneno yangu yote niliyapata. Sasa huhifadhi kila kitu katika mpangilio wa ODF, ambao ni kiwango cha kimataifa cha ISO, shirika la viwango, tangu mwaka 2006 na ambao maelezo yake yako wazi kwa yeyote anayetaka kutengeneza programu ya kuusoma. Watu wakitaja programu huria hufikiria kwanza kwamba ni za bure. Mimi huzitumia kwa sababu nataka kuyasoma maandishi yangu nikiwa mzee.

Mchangiaji wa pili

Naomba tuwazungumzie mafundi wanaojitegemea, kwa kuwa huko mambo si mepesi. Simu yangu ilikufa betri, na watengenezaji wakanishauri ninunue nyingine. Fundi wa duka dogo aliipasha joto gundi, akakifungua kifuniko, akabadilisha betri mbele ya macho yangu, na simu ile naitumia mwaka wa tatu sasa. Namheshimu sana fundi huyo.

Hata hivyo, fundi mwingine, pia wa duka dogo, aliwahi kuniomba nenosiri langu kwa kazi ya kubadilisha kioo, akaliandika kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya simu na kuiacha juu ya meza pamoja na simu za watu wengine. Nilimpa kwa sababu niliona haya kukataa. Picha za familia yangu, mazungumzo yangu, hata barua za daktari, vyote vilikuwa mikononi mwa yeyote aliyepita pale. Udogo wa duka hauleti uaminifu wenyewe. Siku hizi nikipeleka simu huhifadhi nakala na kuwasha hali ya matengenezo, ambayo baadhi ya simu za karibuni zinayo na ambayo humwezesha fundi kujaribu kifaa bila kuona data ya mwenyewe. Simu isiyo nayo huifuta kabisa kwanza.

Mwanzisha mada

Ahsante sana, ndugu. Hiyo haya ya kukataa uliyoitaja nadhani imewagharimu watu faragha yao kuliko wadukuzi wengi.

Mchangiaji wa tatu

Nami naleta tahadhari kama hiyo upande wa programu huria, ambazo ninazipenda na kuzitumia kazini. Mwaka 2014 nilikuwa nikisimamia seva chache, yaani kompyuta zinazohudumia tovuti, pale ilipotangazwa kasoro iliyoitwa Heartbleed katika OpenSSL, programu huria inayosimba mawasiliano ya intaneti. Msimbo wake ulikuwa wazi kwa dunia nzima, na bado kasoro ile ilikaa humo kwa zaidi ya miaka miwili, ikimwezesha mtu wa mbali kuchota vipande vya kumbukumbu ya seva, yakiwamo maneno ya siri. Nilikesha nikisasisha programu na kubadilisha vyeti vya usalama vya tovuti. Kilichoniumiza zaidi ni kufahamu kwamba programu iliyolinda sehemu kubwa ya intaneti ilikuwa ikitunzwa na watu wachache mno kwa michango haba. Kila mmoja wetu alidhani kuna mwingine aliyeusoma msimbo ule. Tangu mwaka huo huchangia kila mwezi mradi mmoja ninaoutegemea.

Mchangiaji wa nne

Changu ni kifupi: programu ya tochi iliniomba ruhusa ya kujua mahali nilipo na kusoma orodha ya watu ninaowasiliana nao. Niliifuta, kisha nikakaa jioni nzima nikipitia ruhusa za programu nyingine zote. Jaribuni leo.

Mchangiaji wa tano

Mimi nilimwekea mama Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, katika kompyuta ambayo mfumo wake wa zamani haukuwa ukipata tena masasisho ya usalama. Kuandika, kusoma barua na kutazama video hakukumsumbua hata kidogo, ila skana yake haikukubali, na nilihangaika nayo siku mbili kabla ya kushindwa. Mama aliniuliza kwa upole kwa nini sikumwuliza kwanza kama anataka mabadiliko hayo. Nilimwomba radhi, nikamweleza kwa kirefu sababu zangu, naye akaamua kubaki na Linux. Skana ameigawa.